Meno ya Mjukuu Wangu Chrispin

Mimi ni Gideoni, mwana wa Benedikto aliyekuwa mwalimu wa dini hapa Newala, mjukuu wa Petro aliyebatizwa Masasi akiwa na meno yaliyochongwa ncha kwa mila ya Wamakonde. Babu yangu aliposimama kusema, watu walinyamaza. Katika ukoo wetu hakupata kutokea mtu aliyeona aibu kufumbua kinywa mbele za watu, hadi alipokuja Chrispin.

Chrispin ni mtoto wa mwanangu Edmund, aliyefundisha shule miaka mingi chini ya Mlima Meru. Maji ya huko yana madini yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia yangali yanaumbika ndani ya fizi. Kijana alirudi kwetu na kinywa cha namna hiyo. Akamchumbia Severina, binti wa Lupaso, na ndoa ikatangazwa kanisani. Ndipo akaanza kuziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

Nilimpeleka mwenyewe Masasi kwa daktari wa meno, Mama Glory. Alimkagua, akasema bila kumbembeleza:

"Rangi hii haiko juu ya jino, baba. Imo ndani. Mswaki hauifikii, mkaa hauifikii, na limau litakula jino lenyewe."

"Kwa hiyo haitoki?" Chrispin aliuliza.

"Inapunguzwa. Ipo dawa ya kung'arisha, lakini kipimo natoa mimi, na meno yatasisimka kwa muda ukinywa cha baridi. Au tuyafunike ya mbele kwa kijazio cha rangi ya jino. Ila fizi zako zinatoka damu na gego hili limetoboka. Natibu hayo kwanza. Dawa ile ikiingia kwenye tundu, utalia."

"Tutamaliza kabla ya harusi?"

"Hatutamaliza. Oa na meno yako."

Nilimshukuru, tukarudi. Niliamini neno la mtaalamu limetosha.

Jumamosi iliyofuata akaja rafiki yake Fikirini, mbanguaji wa korosho kule Kitangari. Niliwasikia barazani.

"Bwana harusi, kwenye picha unune tu. Ukicheka watauliza nani kakulisha udongo."

"Na wewe na pengo lako?"

"Mimi sioi."

Wakacheka, na Chrispin kiganja mdomoni. Yaliyofuata sikuyasikia, Fikirini alinieleza baadaye, akilia. Alimkumbusha mafuta ya ganda la korosho, yale ambayo kwayo vijana hujichorea majina mikononi. "Ngozi inabanduka, chini inatoka mpya. Jino litashindwaje?"

Kila mtoto wa uwanda huu aliyewahi kuchoma korosho anajua mafuta yale yanavyounguza. Chrispin naye, tangu arudi, alikuwa ameyajua. Hata hivyo usiku ule alichovya pamba humo, akayapaka kinywani mwake.

Kulipokucha midomo ilikuwa imevimba, fizi zimekuwa nyeupe na zinachunika. Tulimkimbiza Masasi. Baada ya siku chache uozo uliingia, na Mama Glory akalazimika kuyang'oa meno yote ya mbele ya juu.

"Meno yalikuwa mazima," aliniambia. "Kilichokufa ni fizi iliyoyashika."

Severina alikuja nyumbani kumwona. "Shikamoo, babu." Nikaitika marahaba, naye akaketi nje ya mlango wa chumba cha Chrispin, kwa maana hakufunguliwa.

"Chrispin, nilikukubali na meno ya kahawia. Nakukubali na pengo."

"Nenda kwenu."

"Nifungulie basi, tuzungumze."

"Nimesema nenda kwenu, Severina."

Maneno yalimtoka kwa kuvuja pumzi, kama ya mtu mzee kuliko mimi. Nadhani naye aliyasikia hivyo, kwa sababu hakusema tena. Siku ya harusi ilifika na mlango umefungwa. Wazazi wa Severina walingoja kwa heshima, kisha wakavunja uchumba.

Nimemkemea, nimemsihi, nimepiga magoti mlangoni pale. Daktari amesema fizi zikipona atawekewa meno ya bandia. Kijana hataki kusikia. Anakula ametugeuzia mgongo. Kila asubuhi namwombea, na kila asubuhi naona sala imeishia kwenye ule mlango.

Vijana wa ukoo huu, kinywa mpelekeeni aliyekisomea. Akisema ngojeni, mngoje. Akisema jambo haliwezekani, kubalini, wala msitafute mwingine wa kuwaambia linawezekana. Siwaombi. Nawaagiza.