Kigoda cha Spesioza

Usiku wa jana niliota nimesimama ndani ya ile filamu tuliyoonyeshwa kwenye masomo ya jioni. Nimeshika daftari langu na miguuni nina kandambili.

Theluji inaanguka ndani ya ofisi. Familia ya Spesioza ipo pale pale tulipoiona darasani, mbele ya meza ya uhamiaji: yeye, mumewe na mama mkwe wake. Afisa ni mhuri wa mbao, mkubwa kama mtungi, amevaa tai.

"Nani alifumba macho?" anauliza mhuri.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Ni kweli. Afisa alipomuuliza Spesioza, "Umekuja na nini katika nchi yetu?" niliona wanahitaji maombi, nikafumba macho nikawaombea. Kuja kusema amina, maandishi ya tafsiri ya jibu lake yalikuwa yameshapita chini ya picha. Mwalimu Nkwabi akatupa kazi ya nyumbani: andikeni alichojibu. Nikaacha wazi.

"Jibu ambalo halijasomwa halijasemwa," anasema mhuri. "Filamu ikiisha hivi, wanarudishwa walikotoka."

"Tumesimama hapa tangu Alhamisi," anasema Spesioza. "Soma basi, mama. Miguu imekufa ganzi."

"Si urudie tu ulivyosema?"

"Nilishasema. Mimi kwenye filamu hii nasema mara moja."

Maneno yamelala sakafuni, miguuni pake, yameumbwa kwa theluji. Yameanza kuyeyuka kutoka mwisho. Nataka kuomba, nakumbuka yaliyonipata. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu naomba macho yakiwa wazi, kidole kikifuata herufi.

"Ni-me-ku-ja..."

"Huyu atatumaliza," ananong'ona mama mkwe.

"Mwache, mama," anasema mume wa Spesioza. "Ameanza shule juzi."

"...na ki-go-da. Na-o-mba pa ku-ki-we-ka."

Mama mkwe anafungua khanga. Kumbe amekibeba mgongoni kama mtoto: kigoda cha miguu mitatu, kinang'aa kwa kukaliwa miaka mingi.

"Hapana pa kukiweka," anasema mhuri. "Sakafu yote ni ya serikali."

Natazama chini. Sasa ni sakafu ya darasa letu, na ubao umegeukia ukutani kwa aibu. Nafungua daftari, nalilaza chini.

"Hili si la serikali, mheshimiwa. Nimelinunua mwenyewe. Weka hapa, bibi."

Mhuri anainama, analikagua, anakohoa.

"Hilo sheria haikuliwaza," anasema, na anavua tai.

Mama mkwe anaketi. Wote wanashusha pumzi, hata mimi.

Nikaamka. Daftari lilikuwa chini kando ya kitanda, limefunguka kwenye ile kazi ya nyumbani. Hapa Tabora mvua haijanyesha tangu Mei, lakini karatasi ilikuwa baridi, imelowa mahali patatu tu, viduara vidogo vinavyotazamana.

Nikaandika jibu katikati yake, polepole, nisiviguse.