Mikato ya Bangili ya Kwanza

Tangu asubuhi Mashoto alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anasogeza taa, anairudisha palepale. Kwenye meza yake ya usonara ilikuwepo Bangili ya Kwanza, ile iliyoipa nyumba yao ya vito jina. Baba yake mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alitaka kitu kimoja tu: ing'arishwe mpaka imeremete, maana saa tisa wanakuja watu wanaotaka kuinunua kampuni nzima.

Kijitabu cha kuadhimisha miaka sabini ya nyumba kilishachapwa. Babu kajaa ukurasa mzima, kakunja mikono, ndiye aliyeichonga bangili. Bibi naye kapewa mstari mmoja: aliwapikia mafundi chai. Haya, chai nayo ni kazi.

Lakini Mashoto alikuwa ameitazama bangili kwa lenzi. Mikato ya nakshi ya majani ilianza kwa kina upande wa kushoto, ikaishia nyembamba kulia. Fundi wa mkono wa kulia hachongi hivyo. Hivyo huchonga yeye mwenyewe, ndiyo maana mafundi walimpachika jina hilo la Mashoto. Na mwingine wa mkono wa kushoto katika ukoo mzima, kama alivyosimuliwa tangu utotoni, alikuwa bibi. Miaka yote mafundi walishindwa kuiiga nakshi ile, wakaiita siri ya babu. Siri gani! Mashoto alichukua kipande cha shaba, akajaribu, na jani likatoka lilelile mara ya kwanza.

Na mashine ya kung'arisha hula madini. Dakika kumi tu, kingo za mikato zingelainika, na bibi angebaki na chai yake.

Baba mdogo aliingia tai imemkaba, akauliza mbona bado. Mashoto akamwonyesha jani la shaba, kisha bangili.

"Baba mdogo, babu alichonga kwa mkono gani?"

Mzee alilitazama jani. Akasema wale watu wananunua historia, na historia ikishachapwa imeshachapwa.

"Ng'arisha, mwanangu." Akatoka bila kumtazama usoni.

Mashoto aliwasha mashine. Akaizima. Akaiwasha tena, akaizima. Saa tisa kasorobo aliipeleka bangili ukumbini imefubaa vilevile, akaiweka kwenye kasha la kioo, akasimama ukutani akisubiri kufukuzwa. Aliogopa, tena sana.

Baba mdogo alishika kipaza sauti. "Baba yangu," alianza, kisha macho yakamwangukia kwenye kasha. Akanywa maji. Wanunuzi wakatazamana.

"Bangili hii aliichonga mama yangu," akasema. "Alikuwa akijifungia karakanani mafundi wakishaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa."

Ukumbini zikasikika kurasa tu, wageni wakimtafuta mama huyo kwenye kijitabu.