Mjusi wa Hudu

Jaliah aliamka na hasira, na haki yake. Jana Sulait, mwenye nyumba, alikuwa amesema mbele ya majirani wote: "Hiyo kitu ya kijani ni jini. Ijumaa kama bado iko, nyinyi natoka." Watoke waende wapi? Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi alikozaliwa, alikoapa hatarudi kulala hata usiku mmoja.

Na yote kwa ajili ya mjusi! Mwaka ule wa themanini na nne alitoka kwenye gunia la karafuu kutoka Pemba, kijani kama jani la mgomba, akahamia ukutani mwa duka lao, chumba cha Sulait walimolala pia. Hakujificha mchana kama mjusi kafiri. Alishuka kulamba sukari iliyomwagika, hana wasiwasi. Mbarara, mji wa bara, haikupata kumwona wa namna ile, na mwenye duka, Hudu, mumewe Jaliah, ni Mpemba. Wapemba na uchawi, nani hajasikia? Basi mtaa mzima ukapata la kusema.

"Muue, yaishe," Jaliah alimwambia mumewe.

"Simuui. Mwenye thawabu ya kuuawa ni yule mjusi kafiri. Huyu wa kwetu, wa minazini. Mie huku nna nani mwengine wa kwetu?"

"Ala! Na mimi je? Mimi gunia?"

Hudu akaendelea kupima karafuu. Jambo lile lilimchoma Jaliah kuliko tusi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Sulait akaja kusimama mlangoni na kundi zima nyuma yake. Jaliah hakungoja kuulizwa. Alivua ndala, akampiga mjusi pale ukutani, paa! Mkia ukabaki unafurukuta juu ya mizani.

"Haya, jini lenu hilo! Mmeridhika?"

Watu wakarudi nyuma. Sulait akatikisa kichwa. "Banange! Jini inauawa na mwanamke? Basi mchawi mkubwa ni huyu. Nyinyi wote natoka leo."

Hata alasiri haijaingia, shemeji yake Sulait alikuwa mlangoni na cherehani yake, akiuliza kama chumba kimeshafagiliwa.

"Kumbe ni chumba!" Jaliah alipiga kelele, akasikika mpaka barabarani. "Si ungesema chumba, Sulait, mwanahizaya wee! Mjusi alikukosea nini?"

Hudu alikuwa amechuchumaa, akimfunga mjusi wake kwenye kitambaa. Akainua macho, akamtazama mkewe.

"Na wewe," akasema, "alikukosea nini?"