Bugali wa Kwanza

Usiniambie habari za akili ya mume wangu. Akili anayo, tena nyingi, na nimeibeba kichwani mwaka mzima kutoka Mutanga Nord mpaka Kinama, kilo ishirini za chuma, huku yeye amekaa barazani na penseli sikioni.

Ilikuwa mwaka 1998. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetukaba koo, vipuri havipatikani, na mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika kikabila: wa huku haendi kule, wa kule haji huku. Mwanamume aliyekosea njia alirudi kwao amebebwa, kama alirudi. Anselme wangu ni injinia wa mitambo. Kiwanda chao kilipofungwa alianza kutengeneza mashine za kusaga mihogo nyuma ya nyumba yetu, na ya kwanza ilikwenda Kinama, kwa mjane mmoja anaitwa Odette. Mashine nzuri, sikatai. Lakini mihogo yetu haikosi mchanga, na kila wiki mbili nyundo za ndani zinakuwa butu na chekeche linaziba. Nani aende kuzinoa? Anselme, mtu wa Mutanga, aingie Kinama? Thubutu!

Hapo alionyesha akili yake, sitamnyima haki. Aliichora mashine upya. Nyundo na chekeche akavitia vyote ndani ya sanduku moja la chuma linaloshikwa na boliti nne. Unachomoa lililo butu, unachomeka lililonolewa, umemaliza. "Odette hanunui mashine," aliniambia, amejaa majivuno. "Ananunua unga laini, wiki hadi wiki. Mashine ikae kwake, kunoa ni juu yetu." Nikamuuliza, na hilo sanduku litafikaje? Akanitazama tu. Wanawake tulikuwa tunapita kwenye bariyeri, vile vizuizi vya jeshi barabarani. Wanajeshi walitupekua, walitutukana, lakini tulipita. Basi ikawa mimi.

Na kuna jambo ambalo Anselme hakulichora. Siku ya kwanza nilipofika na sanduku, hakuna aliyetaka unga wake. Wanawake walisimama na vikapu vyao vya mihogo, wananiangalia kama nyoka aliyeingia jikoni. "Hiyo chuma inatoka kule," mmoja akasema. "Nani anajua wametia nini?" Kwetu Burundi anayekupa pombe huonja yeye kwanza, uone kwamba hajakutilia sumu. Nikawaambia haya, sageni, songeni, nile. Nikala bugali mkavu bila mboga mbele ya watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyenipa maji ya kunywa. Ndipo wakamimina mihogo yao. Tangu siku hiyo kila sanduku lilikuwa na bugali wake wa kwanza, na bugali huo ulikuwa wangu. Anselme alichora kila kitu isipokuwa tumbo langu, na bila tumbo langu mashine yake ilikuwa chuma tu.

Nilimwambia hivyo. Alicheka. "Mambo ya vijijini hayo," akasema.

Mvua za Novemba zilipoanza alinipa sanduku jipya, limepakwa rangi nyekundu linang'aa. "Hili litakaa miezi miwili," akasema. "Nimechoka na safari za kila wiki mbili. Chuma kikitengenezwa vizuri hakihitaji kubembelezwa." Nimechoka! Yeye ndiye kachoka! Nikauliza, umebadilisha nini ndani? "Hakuna. Rangi ya nje tu, lisishike kutu." Nikalitia kwenye beseni, nikafunika na mchicha, nikaenda. Nilipokuwa nafika Kinama risasi zikalia upande wa Kamenge. Nililitua sanduku mlangoni kwa Odette, hata lile butu sikulichukua, nikarudi mbio. Mara hiyo moja sikula.

Haikupita wiki mbili Odette akatuma neno kwa mwanamke anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Unga una wekundu. Watoto wanatapika. Watu wanasema ni sumu kutoka kule. Jumapili baada ya misa watakusanyika uani kwake, na aje yule aliyetengeneza chuma, ale mbele ya macho yao. Asipokuja, mashine itachomwa, na wanaotaka kuichoma wamesema wazi kwamba hawatamwomba Odette atoke ndani kwanza. Akaongeza neno lake mwenyewe: atakayekula uani kwangu ni mgeni wangu, na mgeni wangu haguswi.

"Siendi," Anselme akasema. "Wajinga hao. Wamekula mihogo mibichi, wanasingizia mashine."

"Mimi nimebeba chuma chako mwaka mzima," nikamwambia. "Wewe beba mwili wako mara moja tu."

"Unataka wanichinje?"

"Nataka yule mama asichomwe ndani ya nyumba yake kwa ajili ya sanduku lako!"

Hatukulala tukisemezana. Jumapili alivaa shati la misa na akaja, mimi mbele, yeye nyuma, hatua kumi. Kwenye bariyeri mwanajeshi alimwuliza anakwenda kufa wapi.

Uani kwa Odette walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Hakuna aliyetusalimia. Mbele kabisa alisimama Fortunat, mtu mzima mwenye kovu shavuni, na mkononi alikuwa na kidumu cha petroli kimejaa. Mtoto wake alikuwa mmoja wa waliotapika. Odette alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, amejifunga kitenge kiunoni kwa nguvu. Sanduku jekundu lilikuwa bado ndani ya mashine. Akasaga mihogo hapo hapo tukiona wote, akasonga, akapakua sahani mbili.

Mimi sikungoja kuambiwa. Nilikuwa na hasira, nilitaka niwafunge midomo. Nilikaa chini, nikamega, nikala tonge baada ya tonge mpaka sahani ikabaki tupu. Ladha ilikuwa ya ajabu kidogo, chungu ya kukwaruza ulimi, nikajiambia ni mihogo ya mvua. Anselme alisimama kando yangu, ananitazama nikila. Nilipomaliza nikawaonyesha sahani. "Haya! Mmeona?"

"Apana," Fortunat akasema. "We ni mubebaji tu. Ale yeye."

Odette akamsogezea Anselme sahani ya pili. Akakaa. Akanawa. Akamega tonge, akalifinyanga, akalifinyanga tena. Lile tonge halikupanda. Lilikaa pale kwenye vidole.

"Kula," nikamwambia.

Akaniambia kwa Kifaransa, polepole, tuondoke.

"Kula, Anselme!"

"Ile bugali anaikataa juu ya nini?" mwanamke mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaanza kuvuma.

Mama yangu! Niliinuka, nikachukua ufunguo wa boliti kwenye msumari wake, nao mkono wangu unaujua, nikafungua sanduku mwenyewe. Ndani kulikuwa kwekundu. Kuta zote zilipakwa rangi, na nyundo zilikuwa zimeibandua vipande vipande, hasa chini, pale unga unapopitia. Ilikuwa ile rangi ya kuzuia kutu wanayopaka mageti. Kopo lake liko nyuma ya nyumba yetu, na juu yake pamechorwa fuvu la mtu. Siyo lazima uwe injinia kujua kwamba haipakwi kwenye chakula.

"Ulijua," nikamwambia.

"Kutu ingelila," akasema. "Bila rangi lisingefika miezi miwili."

"Ulijua, na ulisimama hapo, ukaniangalia nikila mpaka nikamaliza."

Nimeolewa naye miaka kumi na moja, na alilirudisha tu tonge kwenye sahani, akafuta vidole.

Niliwageukia wale watu. Nilisema kwa sauti ili na walio barabarani wasikie: "Siyo sumu ya kule. Ni rangi ya geti. Mume wangu kaipaka ndani ili asinitume huku kila wiki mbili, na amewadanganya ninyi, amenidanganya na mimi. Mashine ya Odette haina kosa. Lile sanduku butu liko wapi? Halijapakwa kitu. Lisugueni, nitalinoa hapa hapa."

Fortunat aliweka kidumu chini. Kisha akamwendea Anselme, na wanaume wengine wanne wakamfuata. "Huyu hakukula," akasema. "Odette, ulisema mwenye kula haguswi. Huyu hakukula."

Hapo Anselme akaniinulia macho. Macho yale nayajua, ni ya mtu anayeomba abebewe kitu. Na Mungu anisamehe, nilimwacha angoje kwa muda ambao mtu anatafuna tonge moja. Kisha nikasema: "Nilikula mimi. Sisi ni nyumba moja, nimekula na sehemu yake."

Watu walimtazama Odette. Odette aliniangalia mimi, kisha ile sahani yangu tupu. "Bibi yake amekula ya wote wawili," akasema. "Muache aende. Lakini asikanyage hapa tena na mukono mutupu."

Nikalichomoa sanduku jekundu, nikamtwika kichwani. Hakujua hata kusawazisha shingo. "Ni kilo ishirini," nikamwambia. "Ukipita bariyeri usiinamishe kichwa, litaanguka." Watu wakampisha njia, wakimtemea mate miguuni, akaenda zake peke yake na shati lake la misa, rangi nyekundu inamchafua paji la uso.

Mimi nilibaki. Tumbo lilinikata siku tatu, na Odette alininywesha maziwa, hakunisemesha sana. Siku ya nne nilinoa nyundo kwa tupa, tukasaga, tukasonga. Wanawake walisimama kama siku ile ya kwanza, vikapu chini. Nilikula mbele yao. Fortunat alinipa maji ya kunywa.

Baada ya mwezi yule mwuza ndagala akaniletea karatasi kutoka Mutanga. Anselme ameandika kwamba ametengeneza sanduku jingine, halina rangi, nje wala ndani, na anauliza lini nitakwenda kulichukua. Niligeuza karatasi, nikamwandikia nyuma yake: lilete mwenyewe, na uje na njaa.