Sabuni ya Alumini

Mektrida alimimina lita kumi na mbili za maji kwenye mashine, akaongeza vizibo vinne vya sabuni kutoka dumu la bluu, akawasha hita na kuzima redio. Redio ilizimwa kila mara kabla ya kuosha, maana wateja walipenda kusikia vizuri.

Karakana yake ilikuwa fremu moja tu hapo Njoro. Mashine yenyewe, ya kuosha kwa mawimbi ya sauti, haikuzidi beseni la kufulia. Mawimbi yalizaa mapovu madogo ndani ya maji, mapovu yakapasukia kwenye chuma, na uchafu ukabanduka. Pamoja na uchafu yalibanduka maneno. Kifaa cha injini kikikaa miaka mingi karibu na watu hushika maneno yao kama kinavyoshika masizi, na kikipata maji yanayokifaa huyaachia. Pistoni za gari moja la shule zilikariri hesabu za kuzidisha kwa saba asubuhi nzima. Nozeli za pikapu ya maziwa zilitoboa siri ya mchumba wa mtu, na ng'ombe wa mahari wakarudishwa bila ugomvi.

Ujuzi ulikuwa katika kuchagua maji. Dumu la bluu lilikuwa na sabuni laini ya alumini. La njano lilikuwa asidi ya ndimu, dawa ya kutu. Jekundu lilikuwa kostiki, magadi makali ya chuma kigumu kilichogandiwa na mafuta. Kostiki husafisha upesi kuliko zote, lakini huila alumini, na maneno huungua humo kabla hayajafika juu.

Saa nne kasorobo Shedrack alishuka kwenye gari lake akiwa amebeba kiroba. Alikuwa na malori saba, na fremu ile ilikuwa mali yake. Alitoa kompresa ya upepo, ile inayofungwa kwenye injini ili kujaza upepo wa breki, akaiweka mezani.

"Ya lile lori," alisema. "Itie kwenye kostiki. Mkaguzi anakuja saa tano kuipima."

Mektrida hakuuliza lori lipi. Wiki iliyopita lori la ndizi lilitoka mji wa Mkuu, likakosa breki mteremkoni, likaingia kwenye vibanda na kuua mama wawili waliokuwa wakiuza parachichi. Dereva wake, Basili, alikuwa mahabusu kwa kosa la mwendo kasi. Mke wa Basili, Evelyn, alikuwa amekaa kwenye benchi pale pale ndani tangu saa mbili, kanga imefungwa kiunoni. Alimwona fundi wa Shedrack akiifungua kompresa ile kwenye lori alfajiri, akateremka mjini kuisubiri, maana mashine ya aina hii ilikuwa moja tu mji mzima.

Shedrack alimwona, akamsalimia, akaitikiwa.

Mektrida alifungua kifuniko cha kompresa. Ndani masizi yalikuwa mazito kama ugali ulioungulia sufuriani. Tundu la kutolea upepo lilibaki upana wa njiti ya kiberiti. Kwa tundu lile breki zisingejaa hata nusu.

"Kifuniko hiki ni alumini, mzee," alisema. "Kostiki itakitoboa. Kitavuja mbele ya mkaguzi, na atasema ni kibovu."

"Dakika tano tu."

"Tano zinatosha kukitoboa."

Shedrack alilitazama dumu jekundu, kisha la bluu. Alijua vizuri la bluu linafanya nini.

"Basi laini," alisema. "Lakini iwe imemaliza kusema kabla ya saa tano. La sivyo, uhamishe madumu yako leo hii."

Evelyn aliinuka, akamfuata Mektrida hadi kwenye rafu. "Dada," alinong'ona, "chelewesha. Mkaguzi amsikie mume wangu kwa masikio yake."

Mektrida aliukumbuka ule upana wa njiti. Aliona tayari kwamba kuosha kungeondoa ubovu pamoja na maneno, ila hakuona njia ya pembeni. Asipoosha, Shedrack angeipeleka kompresa Kiboriloni, kwa wale wanaochemsha vyuma kwenye pipa la kostiki, na sauti ya Basili ingeungulia huko. Angalau hapa ingesikika.

"Maji hayajafika nyuzi hamsini," alitangaza. "Tusubiri."

Walisubiri. Shedrack alitazama saa yake. Maji yalipopata moto, Mektrida aliiendesha mashine tupu dakika kumi ili hewa itoke majini, kama inavyotakiwa. Shedrack alisimama mlangoni, akarudi, akasimama tena. Evelyn alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga. Saa tano kasoro dakika nne, Mektrida alishusha kikapu cha waya ndani ya maji. Masizi yalianza kutoka kama moshi.

Pikipiki ilizimwa nje. Mkaguzi wa magari, Valerian, aliingia na faili kwapani, akavua kofia.

Kompresa ilisema, "Shikamoo bosi. Upepo haujai. Leo siku ya tatu. Naomba nisishuke nalo."

Ilikuwa sauti ya Basili, na kikohozi chake.

Kisha ikaja sauti ya Shedrack, wazi kama kengele: "Marahaba. Ndizi zitaiva hapo. Wewe shuka tu, tumia gia."

"Bosi, nina watoto."

"Na wengine wenye watoto wanatafuta kazi."

Mashine ilinguruma. Shedrack alitazama sakafu. Maji yaliponyamaza, Mektrida alikitoa kikapu. Valerian alikuwa amesikia kila neno. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akampa Evelyn pole.

Kisha akaomba kompresa. Ilisuuzwa, ikapulizwa ikakauka, ikafungwa kwenye mota ya majaribio. Mshale wa geji ulipanda haraka mpaka mwisho, ukatulia.

"Ni nzima," alisema Valerian.

"Ni nzima kwa sababu nimeiosha," alisema Mektrida. "Masizi yaliyoua watu ni yale pale." Alionyesha maji meusi.

"Naamini, mama. Lakini fomu inauliza hali ya kifaa wakati wa ukaguzi. Haina mahali pa kuandika maji."

Aliandika, akagonga muhuri, akawapungia mkono.

Shedrack hakumfukuza Mektrida. Jumatatu yake alimletea kompresa sita zilizobaki, akasisitiza zioshwe kwa sabuni ile ile ya bluu. Mektrida alizisikiliza zote, moja baada ya nyingine, mlango ukiwa wazi. Wapita njia walisimama, wakasikiliza, wakaenda zao.

Basili alihukumiwa miaka mitatu. Lori lilipata dereva mpya na turubai jipya.

Siku ya kwanza ya kumtembelea gerezani, Evelyn alimweleza mumewe yote, kuanzia sabuni hadi muhuri. Basili alisikiliza akiwa ameshika wavu. Evelyn alipomaliza, Basili alimuuliza jambo moja tu: siku ile alipoongea na bosi, alisikika kama mtu anayegomba?

"Hapana," Evelyn alisema. "Uliongea kwa adabu."

Basili alishusha pumzi, akafurahi. Askari akasema muda umekwisha.