Dada wa Bekari

Tangu mashine ya kukanda unga ilipoukamata mkono wa Yvette, Nabintu alikuwa akimtazama mabegani tu, usoni hapana. Aliona haya. Kifuniko cha mashine alikiondoa yeye mwenyewe, ili unga uongezwe bila kuizima, maana wake za wanajeshi kambini walikuwa wameanza kuagiza mikate na bekari yake ndogo ya Nyamityobora, mjini Mbarara, ilikuwa inazidiwa. Vidole viwili vya Yvette vilikwenda na haraka hiyo.

Habari zilipofika kwamba afisa wa kazi anakuja, Nabintu aliwakusanya wanawake wake watano, wote Wakongo wenzake aliowatoa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akawafanya ndugu papo hapo. Wanne wakawa binamu. Yvette, kwa kuwa jeraha lilikuwa lake, akapandishwa cheo akawa dada.

“Akikuuliza, useme tuko ba mama mumoja,” alimwambia huku akichezea aproni. “Bakisikia muko bafanyakazi na miye niko patroni, batafunga hii fasi yetu ya mikate. Tutarudia wote ku Nakivale kungojea posho. Unasikia, dada?”

“Nimesikia, dada.”

Nabintu alijiambia anawaokoa wote. Uongo mtupu. Alikuwa anaokoa tanuri la pili, lile aliloliombea kila Jumapili kwa sauti ya kutikisa bati la kanisa.

Afisa aliitwa Ainembabazi, mwanamke mpole mwenye viatu vya vumbi na Kiswahili cha kuokoteza. Alikubali chai, akakataa mkate wa bure.

“Huyu nafanya kazi kwako?” aliuliza.

“Ni dada yangu. Ananisaidia tu.”

Ainembabazi akamgeukia Yvette. “Mama yenu naitwa nani?”

Hilo hawakulipanga.

“Cansilde,” Yvette alijibu bila kusita. “Alifia kule Kabazana, tukingali tunangojea kupewa kiwanja. Ni miye nilimuosha.”

Alimwosha kweli. Cansilde alikuwa mama yake Nabintu, na siku alipofariki katika kituo cha kupokelea wakimbizi, Nabintu alikuwa Mbarara akitafuta chumba cha bekari hii hii. Yvette, jirani wa mkeka wa pili, ndiye aliyemsitiri mzee wa watu. Nabintu alitamani ardhi immeze.

“Basi mimi sina maneno,” afisa alisema akisimama. “Kama dada nasaidia dada, sheria hapana ingia. Lakini nasikitika. Angekuwa mfanyakazi, wewe ungelipa dawa, ungelipa fidia ya ile mkono pole pole, ungerudisha kifuniko. Mimi hapana funga bekari. Bekari ikifa, hawa mama nakula wapi? Mimi nataka ikue, na watu nabaki na mikono yao.”

Afisa alipofika mlangoni, Nabintu alimtazama Yvette usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Yvette alimtabasamia, kama mtu aliyeifanya vizuri kazi aliyotumwa. Tabasamu hilo lilimuumiza Nabintu vibaya.

“Mama, ngoja,” aliita. “Huyu si dada yangu. Ni mfanyakazi wangu. Ni miye nilimufundisha kusema vile.”

Yvette aliinamisha kichwa kama aliyevuliwa nguo mbele za watu, akauficha mkono wa bandeji chini ya aproni. Haya ikamrudia Nabintu upya, maana ili ampe mwenzake haki yake ilimbidi kwanza amkane.

Afisa alirudi, akaketi, akatoa kalamu. “Sawa. Tuandike vizuri. Mfanyakazi naitwa nani?”

“Yvette.”

“Yvette nani?”

Miaka yote hiyo Nabintu na Yvette walikuwa wamekula sahani moja na kuitana dada kutwa nzima, na jina la pili la mwenzake Nabintu hakuwahi kuliuliza. Aliwatazama binamu zake wanne. Wote walikuwa wanatazama sakafu.

“Mugoli,” Yvette alisema, bado ameinama. “Yvette Mugoli, patroni.”

Hakuwahi kumwita hivyo.