Wimbo Uliongoja Tarumbeta

Mzee mmoja mpiga gitaa na bendi yake, enzi zao, walikuwa wakiufanyia kila wimbo mazoezi miezi mitatu ndipo wakaingia studio. Walirekodi wote kwa pamoja. Mmoja akiteleza, wanaanza upya. Mjukuu wake wa kike sasa alikuwa amegeuza chumba cha uani kuwa studio. Huyo akirekodi asubuhi, kabla nguo hazijakauka kambani, watu wanausikiliza wimbo kwenye simu.

Mzee alikuwa na wimbo mmoja aliomtungia mkewe. Alitaka ausikie. Naye mkewe alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, daktari keshasema akauguzwe nyumbani.

"Babu, ingia sasa hivi," mjukuu alimwambia. "Bibi atausikia leo leo."

"Bila tarumbeta?"

"Tarumbeta ninayo humu kwenye kompyuta."

"Hiyo ni honi ya lori, mama."

Mpiga tarumbeta wa bendi, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa amevunja meno yake ya bandia. Fundi alikuwa bado anamtengenezea mengine, na tarumbeta haipulizwi kwa ufizi mtupu. Wiki moja tu, mzee akasema. Zikawa tatu.

"Mume wangu, wimbo umefika wapi?" mkewe aliuliza kila jioni.

"Tunamngoja kibogoyo."

Mama wa watu akacheka mpaka akakohoa. Siku moja akamshika mkono. "Basi niimbie kidogo, hivyo hivyo."

"Acha pupa. Nitakuletea kitu kilichoiva."

Mkewe akageukia ukutani. Hakuuliza tena.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, mjukuu akiwa anamlowesha midomo kwa pamba.

Kesho yake mpiga tarumbeta akaja moja kwa moja kutoka kwa fundi, hana habari ya msiba. Aliingia getini akitabasamu, meno meupe kama sahani mpya, tarumbeta kwapani. Akaona viti vimepangwa uani, watu wameinama. Akafunga mdomo.

"Ndugu yangu," alisema akimkaribia mzee, "nimekuchelewesha."

"Wewe ulivunjika meno tu," mzee akamjibu. "Sauti ninayo mwenyewe. Kutoka kwenye kiti ninachokalia kupiga gitaa hadi kitandani pake ni hatua nne."

Akamsogezea nafasi kwenye benchi. Wakakaa.